Daktari wa pili aanze na slaidi

Barua za safari hii zimefanana. Mtu ameshaambiwa ana saratani ya titi, ameshapangiwa matibabu, na sasa anajiuliza kama amwone daktari mwingine kabla hajaendelea. Tumechagua nane. Wanaojibu ni mtaalamu wa patholojia (anayesoma vinyama kwa darubini), daktari wa upasuaji wa matiti, daktari wa saratani na muuguzi wa chumba cha kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Shikamooni wataalamu. Nina miaka 47. Kinyama kilichukuliwa wiki mbili zilizopita, kikaonyesha saratani kwenye titi la kushoto, uvimbe wa sentimita 3. Nimepangiwa kuondolewa titi lote Jumatano ijayo. Dada yangu anasema nisikubali kisu kabla sijasikia daktari mwingine. Mume wangu anasema tukichelewa hata siku chache itasambaa. Nani yuko sahihi?

Marahaba, mama. Dada yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila hofu ya mume wako nayo si ya kupuuzwa, maana wapo wanaosema "ngoja kidogo" na kidogo hicho kikawa nusu mwaka.

Uvimbe wa sentimita 3 haukuota mwezi uliopita. Kwa kawaida saratani ya titi huchukua miaka kufikia ukubwa wa kushikika kwa vidole, kwa hiyo wiki mbili hadi nne za kutafuta maoni ya pili, kwa wagonjwa walio wengi, hazibadilishi matokeo. Zihesabu lakini. Andika tarehe ya leo, andika tarehe ya mwisho, na usiivuke. Muda unabana zaidi baada ya upasuaji: kemo, kama inahitajika, huanza ndani ya wiki 4 hadi 6, na kuichelewesha kupita siku 90 kumehusishwa na vifo vingi zaidi, hasa kwa saratani isiyo na kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara ya kukua) hata kimoja kati ya vitatu vinavyopimwa.

Kuna hali zisizosubiri. Titi lililovimba lote ndani ya wiki chache, likawa la moto, ngozi yake ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, huenda lina saratani ya uvimbe-moto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Hii hutibiwa kwa kemo kwanza, upasuaji baadaye. Ukiwa na dalili hizi na umepangiwa kisu kwanza, tafuta daktari wa pili ndani ya siku, usingoje wiki. Na mwenye saratani akipata maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, aende dharura siku hiyohiyo.

Turudi kwenye Jumatano yako. Kabla ya swali la titi lote au sehemu, kuna swali linalotangulia: ripoti ya kinyama inataja vipokezi vya homoni (ER cha estrojeni na PR cha projesteroni) na HER2, kipokezi cha tatu? Kama haitaji, Jumatano ni mapema mno. Uvimbe wa sentimita 3 wenye HER2 chanya, au usio na kipokezi chochote, mara nyingi huanzishiwa dawa kabla ya upasuaji. Dawa huupunguza, na daktari wa upasuaji huona kwa macho kama zinafanya kazi. Titi likishaondolewa, nafasi hiyo haipo tena. Ukipewa njia hiyo, hakikisha uvimbe umewekewa kialama kidogo cha chuma kabla ya kemo. Wakati mwingine uvimbe huyeyuka wote, na bila alama daktari hajui akate wapi.

Kama upasuaji ndio unaofaa kutangulia, muulize daktari wa pili kwa nini titi lote. Tafiti mbili kubwa, moja ya Italia na nyingine ya Marekani, ziliwafuatilia wanawake kwa miaka 20 na matokeo yakachapishwa 2002: walioondolewa uvimbe peke yake kisha wakapigwa mionzi waliishi sawa na walioondolewa titi lote. Zipo sababu halali za kuondoa lote: uvimbe zaidi ya mmoja katika sehemu zilizo mbalimbali, titi dogo lenye uvimbe mkubwa, kifua kilichowahi kupigwa mionzi, au kutoweza kuifikia mionzi kabisa. "Ndivyo tunavyofanya hapa" si sababu.

Nibebe nini kwa daktari wa pili? Nina ripoti ya ukurasa mmoja na picha za mamografia (eksirei ya titi) kwenye bahasha.

Havitoshi, na hapa ndipo maoni mengi ya pili yanapoharibika. Ripoti ni maoni ya mtu aliyeangalia kinyama. Daktari wa pili akiisoma hiyo tu, anakurudishia maoni ya kwanza kwa sauti nyingine. Kitu cha kuangaliwa upya ni kinyama chenyewe, nacho kipo katika sura mbili. Kuna slaidi za kioo zilizotiwa rangi, na kuna kitalu cha nta ambamo kipande chako kimefungiwa. Maabara nyingi huvitunza kwa miaka.

Nenda maabara iliyosoma kinyama, si wodini. Andika barua fupi yenye jina lako kamili, namba ya maabara iliyo juu ya ripoti, na ombi: slaidi zote zilizotiwa rangi, pamoja na kitalu au, wasipotaka kukitoa, slaidi 10 hadi 15 zisizotiwa rangi zilizokatwa kutoka kwenye kitalu hicho. Vitalu vikiwa zaidi ya kimoja, omba kimoja kibaki maabara, kwa sababu kitalu kikipotea hakuna cha kupima tena. Ukikabidhiwa, soma namba tarakimu kwa tarakimu: iliyo kwenye slaidi, iliyo kwenye kitalu na iliyo kwenye ripoti ni lazima zilingane. Saini, chukua nakala ya ulichosaini. Slaidi zikae kwenye kisanduku cha plastiki chenye mifereji. Bahasha huzivunja. Kitalu kisiachwe ndani ya gari juani, nta italegea na kuharibika.

Mtaalamu wa patholojia wa pili anatafuta nini? Kwanza, kama seli zimevunja ukuta wa mirija ya maziwa au bado zimo ndani yake. Tofauti hiyo inaweza kukuondolea kemo yote. Kama ulichomwa sindano nyembamba ya kunyonya seli tu, jibu hilo halipatikani, maana sindano hiyo inatoa seli zilizotawanyika, haionyeshi ukuta. Hapo itabidi uchukuliwe kinyama kwa sindano nene. Pili, daraja la saratani, 1 hadi 3. Tatu, vipokezi, na hapa tutakaa kidogo.

Kipokezi cha ER husomwa kwa asilimia ya seli zilizoshika rangi. Kuanzia asilimia 1 huitwa chanya, ingawa kati ya 1 na 10 ni chanya dhaifu na inahitaji mjadala wake. Ripoti isemayo "chanya" au "hasi" bila asilimia haijakamilika. HER2 hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. Alama 3+ ni chanya. Alama 2+ si chanya wala si hasi, ni mlango ulioachwa nusu wazi: lazima kifanyike kipimo cha pili kinachohesabu jeni yenyewe ndani ya seli. Wapo wagonjwa waliotibiwa kwa mwaka mzima kama "hasi" huku ripoti yao ikisema 2+ na hakuna aliyeifuatilia.

Kipimo cha vipokezi kinaweza kuwa cha uongo kutokana na mambo yaliyotokea kabla kinyama hakijafika kwenye darubini. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa, au kikawekwa kwenye maji ya chumvi, protini huharibika na ER inaonekana hasi wakati ni chanya. Utajuaje? Mtaalamu huangalia mirija ya kawaida ya titi iliyo jirani na saratani kwenye slaidi ileile. Baadhi ya seli zake zinapaswa kushika rangi ya ER. Zisiposhika hata moja, kipimo ndicho kilichoshindwa. Dalili nyingine ni jozi isiyooana: saratani ya daraja la 1 yenye ER hasi ni nadra kiasi kwamba inafaa kurudiwa kabla ya kuaminiwa.

Kama upasuaji umeshafanyika, beba pia ripoti ya kilichoondolewa: ukubwa wa uvimbe kwa milimita, tezi za kwapani ngapi zilitolewa na ngapi zilikuwa na saratani, na hali ya kingo za kipande hicho. Kwa saratani iliyovunja ukuta, inatosha wino uliopakwa pembezoni usigusane na saratani. Si lazima kurudi kukatwa sentimita nzima zaidi. Kwa saratani iliyo bado ndani ya mirija, nafasi inayotakiwa ni milimita 2.

Picha za mamografia na skani ziwe kwenye CD katika mfumo wa DICOM, yaani picha halisi za mashine, pamoja na zile za zamani za matiti yote mawili. Filamu iliyochapwa inapoteza vitu vidogo, hasa chembechembe za chokaa. Ijaribu CD kwenye kompyuta kabla hujaondoka. CD tupu ni nyingi kuliko mnavyodhani. Halafu andika ukurasa mmoja: dawa zote unazotumia na miligramu zake, magonjwa mengine, mzio, tarehe ya hedhi ya mwisho, urefu na uzito, na ndugu wa damu waliougua saratani ya titi, ya ovari, ya kongosho au ya tezi dume, na umri wao walipogundulika.

Daktari wangu ni mtu mzima, ananihudumia vizuri. Naona haya kumwambia ninataka kusikia mwingine. Si atanikasirikia?

Wengi hawakasiriki, na aliyezoea kazi hii hukuandikia barua ya rufaa mwenyewe. Mwambie hivi: "Daktari, kabla hatujaanza, ningependa mtaalamu mwingine aangalie slaidi na mpango wangu. Naomba muhtasari wa hali yangu, na nitakurudishia atakachoandika." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayotuliza. Kumzunguka kimyakimya kuna gharama yake: vipimo hurudiwa, tarehe hugongana, na dawa ya daktari mmoja haijulikani na mwingine.

Chagua wa pili asiye wa idara moja na wa kwanza wala mwanafunzi wake wa karibu. Na usimwanzie na hitimisho la mwenzake. Mpe ushahidi, msikilize, kisha mwonyeshe mpango ulioandikwa.

Nimeshapata mizunguko miwili kati ya minne ya ile dawa nyekundu. Sasa nimepata nafasi kwa daktari wa saratani wa hospitali nyingine. Nisimamishe kemo kwanza?

Usisimamishe, dada. Maoni ya pili katikati ya kemo hutafutwa kemo ikiendelea. Mzunguko wa siku 21 una wiki moja nzuri ya kusafiri, nayo ni ya tatu. Chembe nyeupe za damu hushuka na kufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, na kukaa kwenye msongamano wa watu siku hizo ni kujitafutia maambukizi. Joto la mwili likifika nyuzi 38 popote utakapokuwa, nenda dharura saa hiyohiyo, useme uko kwenye kemo.

Chukua chati ya kemo, si kumbukumbu yako. Iwe na jina la kila dawa, miligramu ulizopewa hasa, na tarehe. Dawa nyekundu, doksorubisini, huhesabiwa maisha yako yote. Kwa kawaida hutolewa miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mizunguko minne ikawa 240. Kikomo cha maisha kinachotumika sana ni 450 hadi 550, zaidi ya hapo moyo unaweza kudhoofika. Kama uliwahi kuipata miaka ya nyuma, hata kwa saratani nyingine, sema. Daktari asiyejua kilichotangulia anajumlisha gizani.

Maswali yenye maana katikati ya kemo si mengi. La kwanza: uvimbe unapungua? Kama kemo inatangulia upasuaji, upimwe kwa vidole kila mzunguko na kwa altrasaundi njiani, kwa sentimita zilizoandikwa. Neno "umelainika" si kipimo. Ukiwa unakua huku dawa zinaingia, hilo halingojei mizunguko iishe. La pili: dozi imefuata uzito wangu wa sasa? Aliyepungua kilo kumi anahitaji hesabu mpya. La tatu, kama HER2 yako ni chanya: trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, imo kwenye mpango? Hutolewa kila wiki 3 hadi utimie mwaka, na moyo hupimwa kwa eko (altrasaundi ya moyo) kabla ya kuanza na kila miezi 3. Kwa kawaida haichanganywi na dawa nyekundu, hufuata baada yake, kwa hiyo usishtuke ikiwa hujaianza.

La nne ni la kuulizwa kwa upole, kwa madaktari wote wawili: "Kama fedha isingekuwa kikwazo, ungenipa nini tofauti?" Baadhi ya dawa huachwa kwa sababu ya bei, na daktari kwa kukuhurumia hakuambii. Haki yako ni kujua kipi kimeachwa na kina uzito gani.

Kuhusu mionzi, muda wa kuuliza ni kabla ya skani ya kupanga na kuchorwa alama. Ratiba iliyoenea ni dozi 15 kwa wiki 3, na wapo wanaopata 25 kwa wiki 5. Ikishaanza haikatishwi ili ukasikilize mtu, kwa sababu mapengo huzipa seli zilizobaki nafasi ya kujijenga.

Nina miaka 58. Nimefanyiwa upasuaji: milimita 18, daraja la 2, ER asilimia 90, HER2 hasi, tezi hazina kitu. Daktari wa kwanza kasema kemo kisha vidonge. Wa pili kasema vidonge tu. Nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Nitafute wa tatu?

Angalia kwanza wanabishania nini, mama. Hawagombani juu ya ugonjwa. Wote wameusoma sawa. Wanapishana juu ya ukubwa wa faida ya kemo kwako, na hilo lina namba. Muulize kila mmoja: "Kati ya wanawake 100 kama mimi, wangapi watakuwa hai baada ya miaka 10 wakitumia vidonge tu? Wakiongeza kemo, wanaongezeka wangapi?" Majibu yao yakikaribiana, mfano wote wakisema mmoja au wawili, basi tofauti yao ni ya mtazamo, na uamuzi unarudi kwako: mmoja katika mia anastahili miezi ya kemo au la. Yakiachana sana, mmoja ana taarifa ambayo mwenzake hana, na ndiyo ya kutafutwa.

Jihadhari na lugha ya "inapunguza hatari kwa theluthi". Theluthi ya 30 ni 10. Theluthi ya 6 ni 2. Maneno ni yaleyale, maisha ni tofauti kabisa. Ipo programu ya bure ya Uingereza iitwayo PREDICT ambayo madaktari wengi huitumia kukokotoa namba hizi kwa umri, ukubwa wa uvimbe, daraja na vipokezi. Omba waifungue mbele yako.

Kwa hali kama yako hasa, kipo kipimo cha jeni 21 kiitwacho Oncotype DX, kinachotoa alama 0 hadi 100. Utafiti mkubwa uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba wanawake wa zaidi ya miaka 50 wenye ER chanya, HER2 hasi na tezi safi, wakiwa na alama 11 hadi 25, hawakupata nyongeza ya maana kutoka kwenye kemo. Alama ikiwa 26 au zaidi, kemo ina hoja. Kipimo hufanywa kutoka kwenye kitalu kilekile cha nta tulichokitaja juu. Kisipopatikana, madaktari hutegemea daraja na Ki-67, yaani asilimia ya seli zinazogawanyika. Ki-67 ya 5 na ya 40 zinaongea waziwazi. Zilizo katikati hutofautiana hata kati ya wasomaji wawili wa slaidi moja, kwa hiyo usiruhusu Ki-67 ya 18 peke yake ikuamulie.

Wa tatu atafutwe kwa swali moja tu, jembamba: "Faida ya kemo kwangu ni kiasi gani?" Bora zaidi ni kikao cha jopo, ambapo daktari wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi, wa picha na wa patholojia hukaa meza moja na faili lako. Usihesabu kura mbili kwa moja. Uliza sababu.

Kwa kuwa umetaja vidonge, jambo moja ambalo maoni ya pili hulinasa mara kwa mara. Letrozoli miligramu 2.5 na anastrozoli miligramu 1 ni za waliokoma hedhi. Mwanamke wa miaka 42 ambaye hedhi ilikatika kwa sababu ya kemo hajakoma hedhi. Ovari zake zinaweza kuamka, na vidonge hivyo peke yake havitamkinga. Yeye ni wa tamoksifeni miligramu 20, au letrozoli pamoja na dawa ya kuzilaza ovari. Na anayetumia tamoksifeni aepuke paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona zinazoizuia tamoksifeni isigeuzwe kuwa na nguvu mwilini. Zipo nyingine za sonona zinazofaa, ila asiache yoyote ghafla bila daktari wake.

Mke wangu anaumwa. Je, naweza kumtumia daktari wa nje picha za ripoti kwa WhatsApp akanipa maoni?

Kama maandalizi, ndiyo, kaka. Kama maoni ya pili, hapana. Picha ya simu ya filamu ya mamografia haisomeki kitaalamu, na picha ya slaidi iliyopigwa kupitia darubini ni kona aliyoichagua mpigaji. Huduma nzuri ya mbali huomba CD na slaidi zenyewe, au slaidi zilizoskaniwa nzima, na hutoa jibu lililoandikwa na kusainiwa. Jibu la sauti ya dakika mbili halina wa kuliwajibikia. Funika jina na namba za mke wako unapotuma chochote kwenye makundi. Na mkeo awepo kwenye mazungumzo. Mara nyingi daktari atauliza hedhi, uzazi au anachokiogopa, na wewe huna jibu.

Jirani amenielekeza kwa mtu wa dawa za miti. Anasema hayo nayo ni maoni ya pili.

Maoni ya pili hutolewa na aliyeangalia ushahidi uleule. Huyo hajaona slaidi yako. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2018 uliwalinganisha wanawake wenye saratani ya titi ambayo haijasambaa: waliochagua tiba mbadala peke yake badala ya hospitali walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano. Kama umeshatumia kitu, mwambie daktari wa kemo jina lake na kiasi, bila aibu. Baadhi ya mimea hubadilisha jinsi ini linavyosafisha dawa, kemo ikawa kali mno au dhaifu mno.

Mama yetu, miaka 66, alitibiwa miaka sita iliyopita, ER chanya, HER2 hasi, akamaliza vidonge vya miaka mitano. Sasa maumivu ya kiuno yameonyesha madoa kwenye mifupa. Tumeambiwa aanze kemo wiki ijayo kwa kutumia majibu yale ya zamani. Tuulize nini?

Poleni. Ulizeni kinyama kipya. Saratani iliyorudi si lazima iwe na sura ya ile ya kwanza: ER inaweza kupotea, HER2 inaweza kujitokeza. Na mara chache madoa ya mifupa huwa ya ugonjwa mwingine kabisa. Kuchagua dawa kwa ripoti ya miaka sita nyuma ni kubahatisha pale ambapo kupima kunawezekana.

Kinyama cha mfupa kina mtego wake. Maabara hulazimika kuulainisha mfupa kabla ya kuukata, na wengi hutumia asidi kali, ambayo huharibu vipokezi na jeni. Jibu likatoka "hasi tupu" kwa sababu ya asidi. Daktari anayechukua kinyama aandike kwenye fomu kwamba vipokezi vitapimwa, ili maabara itumie EDTA, ambayo ni ya taratibu na huchukua siku zaidi, au itenge vipande laini visivyolainishwa. Kama kuna doa pia kwenye ini au tezi inayofikika, hiyo ni rahisi na jibu lake ni la kuaminika zaidi.

Swali la pili ni kwa nini kemo. Saratani yenye ER chanya iliyo mifupani peke yake, ini na mapafu yakiwa salama, kwa kawaida huanzishiwa vidonge vya homoni pamoja na dawa za kundi la palbosiklibu, ribosiklibu au abemasiklibu. Kemo hutangulizwa pale kiungo muhimu kinapokaribia kushindwa kazi. Huenda daktari ana sababu hiyo na hamkuambiwa, au dawa hizo hazipatikani alipo. Mwombeni aitaje. Ulizeni pia dawa ya kuimarisha mifupa, na meno yakaguliwe kabla haijaanza, kwa kuwa kung'oa jino wakati wa dawa hiyo kunaweza kuacha kidonda cha taya kisichopona.

Kitalu cha nta cha miaka sita iliyopita kitafuteni hata hivyo. Wakati ule alama ya HER2 0 na ya 1+ zote ziliitwa hasi na zikatupwa kapu moja. Tangu 2022 kuna dawa, trastuzumabu derukstekani, inayowafaa baadhi ya wagonjwa wa 1+, au wa 2+ ambao kipimo cha jeni kilitoka hasi, saratani inapokuwa imesambaa. Haitakuwa dawa yake ya kwanza, lakini mtaalamu akizisoma upya slaidi hizo sasa, jibu litakuwa ndani ya faili siku litakapohitajika. Na kama kabla ya siku ya miadi miguu yake italegea, ganzi ikapanda, au mkojo ukakataa kutoka, msisubiri miadi. Mpelekeni dharura akiwa amelazwa chali, apigwe MRI ya uti wa mgongo siku hiyohiyo.